Wazee Wasioitikia Salamu

Nilitoka Mpanda na begi moja, nikalala Tabora, nikalala tena Singida, na basi la mwisho likaniteremsha Babati vumbi likiwa limenijaa hadi masikioni. Nimezunguka nchi hii tangu nimalize kidato cha nne, ila safari hiyo sikufuata kazi. Nilimfuata mdogo wangu wa kike, fundi cherehani wa Singe, aliyekuwa ameanza kuwakimbia watu. Mteja akipiga hodi, alijifungia chumbani hadi aondoke. Kanisani alishaacha kwenda. Na utotoni ndiye aliyekuwa akitumwa kwa majirani kuomba moto, kwa kuwa mwenye aibu nilikuwa mimi.

Tukasikia kuna watafiti wamepanga nyumba Bagara, wanachunguza hofu ya watu kwa miwani mikubwa inayokuonyesha mahali usipokuwepo. Nilimbembeleza mpaka akakubali.

"Huu ni utafiti, siyo tiba," msichana mtafiti alituonya. Niliitikia kwa kichwa, lakini moyoni nilishamwona mdogo wangu amerudi kwaya.

Alivishwa miwani. Kwenye kompyuta tuliona anachokiona: ukumbi, na wazee wamekaa kwenye mabenchi. Alitakiwa kuwasogelea tu, mashine ipime anaishia wapi na lini anageuza uso. Alimkaribia wa kwanza, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo baba."

Mzee akageuza shingo, akamtazama. Kimya.

"Shikamoo," akarudia.

"Dada, hao hawasikii, ni picha. Wewe pita tu," msichana akamwambia.

"Picha gani inageuza shingo? Niwapite wazee bila salamu, kwani nimelelewa porini?"

Msichana akacheka, hata mimi nikacheka. Lakini mdogo wangu alikuwa anarudi kinyumenyume. Nikashindwa kuvumilia, nikaitikia kutoka kwenye kiti changu: "Marahaba!" Mtafiti akaweka kidole mdomoni, nilikuwa naharibu kipimo. Basi nikakaa, nikamtazama hadi mgongo wake ukagusa ukuta wa kweli.

Nyumbani akasema, "Umeona, kaka? Hata wa kwenye mashine hawanitaki."

Nilimweleza kwamba waliowatengeneza hawakuwafundisha kuitikia. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mlevi.

Nikabaki kuwapokea wateja wake mlangoni. Kadiri nilivyowapokea, ndivyo yeye alivyozidi kutotoka. Kukaa kwangu kulimfungia, kuondoka kwangu kungemwacha peke yake. Nikachagua nilichokizoea.

Asubuhi ya kuondoka alisema atanisindikiza hadi barabarani. Alivaa viatu, akajitanda khanga, akafika mlangoni. Kina mama wawili wenye majembe walikuwa wanapita. Nikasikia komeo likifungwa nyuma yangu.

"Shikamooni," nikawaambia.

"Marahaba, baba!" wakaitikia kwa pamoja, wakasimama. "Na fundi wetu je, hajambo? Siku hizi hatumwoni."

"Yupo," nikasema, nikabeba begi. Sijarudi tena.