Kayaki za Madamu

Baba yangu alichora vibao vya kampuni pale Kolwezi. Vilikuwa vibao vya hatari: fuvu la kichwa, radi ya umeme, mkono ulionaswa na mkanda wa mashine. Kila kibao alilazimika kukitia jina lake kwenye pembe ya chini. Hiyo ilikuwa amri ya karakana yao, ili rangi ikibabuka mapema au herufi ikikosewa, kapita, msimamizi wao, ajue nani wa kuadhibiwa. Baba aliliandika jina lake bila kiburi chochote.

Niliporudi likizo kutoka chuo kikuu, ambako sisi weusi tulikuwa wachache sana, nilikuta turubai kubwa ya kuchorea imefunika ukuta wa sebule yetu. Mke wa injinia alikuwa amemwagiza baba anakili picha ya zamani ya bahari, itundikwe kwenye klabu ya Wazungu. Mfano wenyewe ulikuwa ndani ya kitabu, mdogo kama sahani. Ulionyesha merikebu ya matanga kati ya milima ya barafu, na mbele yake watu waliovaa ngozi, kila mmoja peke yake ndani ya chombo chembamba kilichofunikwa juu mpaka kiunoni mwake. Ndizo kayaki. Baba aliugawa ukurasa kwa miraba ya penseli, akaigawa turubai kwa miraba mikubwa, kisha akahamisha mraba mmoja baada ya mwingine, kama alivyofanya na mafuvu.

"Hawa batu ni ba wapi?" akaniuliza.

"Ba Grinilandi, tata. Kule kwenye barafu."

"Na majina yabo?"

Nilisoma Kifaransa kilichokuwa chini ya picha. Jina la merikebu lilikuwapo, la nahodha pia, na la mchoraji. Wenye kayaki waliandikwa tu kuwa ni washenzi wanaoshangaa.

"Majina yabo hawakuandika."

Baba akasogeza uso karibu na ukurasa. "Lakini huyu hashangae. Angalia mukono yake. Anapiga kasia, anaenda zake."

Madamu, huyo mke wa injinia, alikuwa ameahidi kumwombea baba kwa mumewe ahamishiwe ofisi ya michoro, akae ndani, mezani. Vumbi la mgodi lilikuwa limemwingia kifuani. Akipanda ngazi kutundika kibao, alisimama katikati akakohoa huku wenzake wakimshikia ngazi. Mimi nilisema Madamu anadanganya, kwa sababu katika ofisi ile mtu mweusi aliingia kufagia tu.

"Masomo ilikufundisha kukataa," mama akasema, akinisogezea sahani ya ugali. "Kataa basi na hiyo bukari unakula."

Kazi ilipokwisha, majirani walikuja kutazama. Mmoja wao, mzee wa Kasai, alicheka mpaka akakaa chini. "Mutumbwi gani hii, mutu anaivaa kama suruali?"

Kisha Madamu akaja na gari. Aliyasifu maji, akazisifu ngozi. Halafu akainama penye pembe ya chini, na uso wake ukabadilika.

"Jina hii ni ya nani?"

"Ya mi, Madamu."

"Sababu gani unaandika?"

Baba hakuelewa swali. "Ni kazi ya mi, Madamu. Kazi yote natia jina. Kama kuko kosa, batajua ni mi."

"Hapa hakuna kosa," akasema kwa upole. "Toa. Andika hii." Akaonyesha kitabuni jina la yule mchoraji wa zamani.

Nikamuuliza kwa Kifaransa kwa nini makosa yawe ya baba na uzuri uwe wa mtu mwingine. Alinitazama kidogo, akamgeukia baba. "Ni mutoto yako? Anasema Français muzuri." Akaenda zake.

Nilimwomba baba asilifute.

"We utarudi kwenye masomo," akasema. "Mi nitarudi kwenye ngazi."

Akachanganya nyeupe na buluu kidogo, akachora pande la barafu juu ya jina lake, na kivuli chake majini. Lilikuwa zuri kuliko barafu yote ya kitabuni, na hilo liliniudhi zaidi.

"Huyu mwenye jina," akauliza, "alifika kule?"

Nilikuwa nimesoma dibaji ya kitabu. Mtu yule hakuwahi kuivuka bahari. Alitazama picha ya mwingine, akasikiliza habari za mabaharia.

"Hakufika, tata. Na yeye aliiga."

Baba alicheka hadi kikohozi kikamshika. Kilipomwachia, akaliandika jina la mtu yule, herufi kwa herufi, kwa mkono uliotulia.

Aliipeleka picha mwenyewe, na mpishi wa klabu akaipokea kwenye mlango wa nyuma. Wiki iliyofuata Madamu alirudi na furaha. Mumewe ameipenda sana, akasema, lakini kuhusu ofisi ya michoro ameona kwamba mtu mwenye mkono mzuri namna hii karakana haiwezi kumwachia. Akamwachia baba kitabu kilekile, kimefunguliwa ukurasa mwingine: kayaki zikimzunguka nyangumi.

Mimi sikupata raha ya kuwa nimesema kweli. Baba alifuta mikono, akachonga penseli, akaniita nikae karibu naye.

"Nisomee jina ya huyu muchoraji," akasema, akigusa maandishi ya chini ya picha. "Hii nitaitia tangu mwanzo."

Nikamsomea.