Plaizi ya Balozi

Miaka ile kitu kipya kilikuwa balaa. Ukionekana na kanga mpya watu walijiuliza umeipata wapi, na aliyejiuliza kwa sauti angeweza kukuletea mgambo mlangoni. Kwa hiyo sisi wanawake wa Bagara tulijifunza kuzeesha vitu. Kanga ilifuliwa kwa maji ya majivu mpaka ikachoka kabla haijavaliwa, na sufuria ilipakwa masizi kabla haijainjikwa. Mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo, nasema bila haya.

Mume wangu alikuwa bwana mifugo. Alizunguka na pikipiki kutibu ng'ombe mpaka kwa wafugaji wa tambarare za Hanang, na bila pikipiki hakuwa na kazi. Masika alianguka kwenye tope la Bonga, akavunja liva zote mbili, ya breki kulia na ya klachi kushoto, vile vyuma dereva anavyobana kwa vidole. Liva nyingine hazikupatikana, si Babati wala Arusha. Akachukua plaizi yake, ile inayojibana yenyewe, akaifunga kwenye kipande cha liva ya klachi kilichobaki, akawa anaendesha hivyo. Breki ya mbele aliisahau kabisa. Kila alipotoka nilikuwa sili vizuri mpaka nisikie muungurumo wake unarudi.

Ndipo kaka yangu, dereva wa lori, akatuletea liva mbili mpya kutoka ng'ambo ya mpaka, kaziviringisha ndani ya sweta. Zilikuwa zinang'aa. Nilizipenda, halafu hapo hapo nikaziogopa. Msako wa walanguzi ulikuwa umepamba moto, watu wanachukuliwa kwa katoni moja ya sabuni. Jirani yetu mmoja alimwaga sukari chooni kwa hofu, nyuki wakajaa kwenye choo chake, mtaa mzima tukajua.

"Haya ni magendo," mume wangu akasema. "Wakiziona, mimi ni wa ndani."

"Wakiziona mpya," nikamjibu. "Niachie mimi."

Nilizisugua kwa mchanga, nikazipaka chumvi na limau, kisha nikazifukia kwenye samadi zizini. Zilipotoka zilikuwa na rangi ya kijivu na madoadoa, utadhani zimezaliwa pamoja na ile pikipiki. Tukaiingiza sebuleni, tukafunga mlango, tukafungulia redio. Alilegeza nati, akatoa kile kipande kilichovunjika, akapaka mafuta ya ng'ombe kwenye tundu kwa kuwa grisi ilikuwa ndoto, akaingiza kichwa cha waya kwenye liva mpya. Alipohamia upande wa breki tukasikia hodi.

Alikuwa Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee aliyeshuka zamani kutoka milima ya Mbulu. Siku zile alikuwa anatembea na mgambo kwenye msako, maana yeye ndiye aliyejua nyumba zote na kilichomo. Nilitoka haraka nikaufunga mlango nyuma yangu.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, mama. Mbona mmejifungia na jua lote hili?"

"Vumbi, baba."

Upepo haukuwepo hata kidogo. Nikamletea kiti na kikombe cha maziwa, na kabla hajakipokea vizuri, ndani spana ikaanguka kwenye sakafu.

"Bwana mifugo anatengeneza nini?"

"Kitanda."

"Kitanda," akarudia. Akanywa maziwa taratibu mpaka tone la mwisho, akashukuru, akaenda zake. Nilimchukia kwa ule unywaji wake. Mume wangu nilimchukia zaidi kwa ile spana, na nilimwambia.

Kesho yake asubuhi aliondoka, apitie ofisini kuchukua dawa kisha aelekee Bonga. Niliitazama pikipiki ikitoka uani, kuukuu kila upande, nikajisifu kimoyomoyo. Nikaanza kufagia. Nilipofika dirishani nikaiona plaizi.

Babati nzima iliijua pikipiki ile kwa plaizi yake. Watoto walikuwa wakiikimbilia wakiita, "Plaizi! Plaizi!" Mimi nimehangaika na samadi na limau, na kile ambacho kila mtu alikuwa anakitazama nimekiacha dirishani.

Niliibeba nikakimbia, nimuwahi aifunge tena kabla mgambo hawajamwona. Nilikata kwenye mashamba ya watu, mahindi yakinikwaruza uso, mpaka nikatokea barabara ya Dodoma palipokuwa na kizuizi cha msako. Malori yalikuwa kwenye foleni. Mume wangu alikuwa ameshashushwa. Mgambo mmoja alikuwa ameshika liva ya klachi, anabana na kuachia, anabana na kuachia. Pembeni yake alisimama Balozi na fimbo yake.

"Bwana mifugo, juzi tu ulikuwa na plaizi hapa," mgambo alikuwa anasema. "Hizi umezitoa wapi?"

Mume wangu alikuwa mtu asiyejua kudanganya, na saa ile uungwana wake ulinitia hasira.

"Wewe baba watoto!" nikapaza sauti kabla pumzi haijanirudia. "Umepewa liva kuukuu za watu, unaondoka hata plaizi ya mwenyewe hujamrudishia?"

"Mwenyewe nani?" mgambo akauliza.

Sikuwa na jina mdomoni. Nilikuwa nimemkodolea macho Balozi, si kwamba nilimchagua, ila ndiye peke yake aliyekuwa ananitazama mimi badala ya pikipiki.

Balozi akahamishia fimbo mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia. "Lete," akasema. "Naitafuta tangu jana." Akaifungua, akaifunga, akaitia kwenye mfuko wa koti. "Liva nimempa mimi. Za pikipiki ya marehemu mdogo wangu. Mwache akatibu ng'ombe."

Mgambo akaondoa mkono. Pikipiki ilipopotea njiani nilikaa chini kando ya barabara nikalia, na Balozi hakuniangalia tena.

Hatukulizungumza kamwe. Plaizi ilibaki kwake, maana ingeonekana kwetu tena ingezua maswali. Mume wangu alipoihitaji alikwenda kuazima. "Shikamoo, Balozi, naomba plaizi." Naye alikuwa akijibu, "Uirudishe leo leo." Ilirudishwa. Hata maduka yalipojaa tena, liva mpya zikaning'inizwa barazani kila mtu azione, mume wangu aliendelea kuamkia ili apewe kitu chake mwenyewe. Iliniudhi sana. Nilidhani mzee anafurahia kutushika.

Alipofariki tulikwenda msibani. Mjane wake aliniita chumbani, akavuta kitambaa kutoka chini ya godoro. Ndani yake ilikuwa plaizi, imepakwa mafuta.

"Alisema ni yenu," akaniambia. "Siku ile alirudi kutoka kizuizini akatapika. Kwa muda mrefu, akisikia gari tu usiku, anaamka anakaa kitandani. Huyo mdogo wake hakuwahi kupanda hata baiskeli, mama. Wangemuuliza mtu mmoja tu, naye angechukuliwa."

Miaka yote ile nilidhani hofu ilikuwa ya nyumba yetu peke yake. Nilimrudishia kile kitambaa mikononi, nikamwomba aiweke pale pale ilipokuwa. Tukiihitaji, nikamwambia, tutakuja kuazima.