Nguzo za Isimila na Bamkwe Asiyenitazama

Tuliondoka Mbeya kwenda Isimila kwa sababu ya bamkwe wangu. Aliona picha za zile nguzo za mawe za huko kwenye simu ya mume wangu, akaapa hafi kabla hajaziona. Haya, twende! Ila safari yenyewe kasheshe. Bamkwe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, wa kizamani kabisa, na kwao baba na mkaza mwana hawatazamani wala hawasemeshani. Mimi Mhehe nimekaa kwenye ndoa miaka, nimemzalia wajukuu, na sauti yake naisikia nikiwa chumba cha pili. Roho ilikuwa inaniuma. Sikujua kama ananipenda au ananivumilia tu.

Alfajiri bamkwe akakaa mbele na mwanawe aliyekuwa akiendesha, mimi nyuma, kitenge usoni. Tulipofika Igawa tukanunua mahindi ya kuchoma.

“Muulize mwenzako kama ameshiba,” bamkwe akamwambia mwanawe.

“Mwambie baba nimeshiba,” nikajibu.

Na gari lenyewe dogo, wote tunasikiana! Nilicheka kimoyomoyo mpaka Makambako.

Mchana tukafika Isimila, kabla ya Iringa mjini. Dada anayetembeza wageni akatupokea kwa salamu ya Kihehe, “Kamwene!” nami nikaitikia kwa raha ya mtu aliyefika kwao. Akatuonyesha mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale, hata majina yao hayajulikani. Wakati wa kushuka bondeni mume wangu akashindwa, kifundo cha mguu kilikuwa kimemvimba.

“Mama Tusa, fuata nyuma, mzee asianguke,” akaniomba.

Jamani! Nimezaliwa mkoa huu na sikuwahi kushuka mle. Nguzo zimesimama ndefu kuliko mnara wa kanisa letu, nyingine zimevaa jiwe kichwani kama kofia. Upepo unapita katikati, na mtu unajikuta unanong'ona bila kuambiwa. Mwili ulinisisimka. Bamkwe akavua kofia.

“Mungu wangu! Mvua tu ndiyo imefanya haya?”

“Mvua na upepo, babu,” dada akamjibu, kisha akatangulia kuwaita wageni wengine waliokosea njia.

Tukabaki wawili, wa katikati hayupo. Nikajibanza nyuma ya nguzo. Mara nikamsikia mzee anaisemesha ile nguzo:

“Wewe jiwe, mwambie mama wa wajukuu zangu. Nilimkataza mwanangu asioe Iringa. Nilikosea. Mke wangu alipougua, huyu ndiye alimwogesha mpaka siku ya mwisho, na mimi sijamshukuru. Mwambie ndaga fijo.”

Ndaga fijo kwao ni asante sana. Machozi yakanitoka, nikashindwa hata kuyafuta.

“Jiwe,” nikasema, “mwambie baba nimesikia. Na mimi nampenda.”

Tulilala kwa kaka yangu Iringa, kesho yake tukarudi. Nilichojifunza ni kwamba mila ilimfunga mzee mdomo tu, moyo wake haikuugusa. Njiani mume wangu akaniuliza, “Mbona jana ulipanda kutoka bondeni na macho mekundu? Baba alikwambia nini kule?”

“Baba? Hajaniambia neno. Nimeongea na jiwe.”

Kiti cha mbele, mabega ya mzee yakaanza kutikisika kwa kicheko.