Mama Simu na watu thelathini na mmoja waliosahaulika

Saa moja na nusu asubuhi, chai haijapoa, simu ya kwanza inaita. Mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni anaipokea kabla ya mlio wa pili. Mbwa kagongwa na pikipiki karibu na kiwanda cha sabuni, anaburuta mguu, watu wamemzunguka.

"Waambie wampishe, na mtu asimshike mdomoni," anasema, huku kidole kimoja kikidonoa herufi za kompyuta. "Gari linakuja. Wewe usiondoke, baba, dereva akukute hapo hapo."

Kwenye kioo cha kompyuta unajitokeza mstari mwekundu: mbwa, kiwanda cha sabuni, gari namba mbili. Dereva anapoondoka, mstari unageuka njano. Ukigeuka kijani, kesi imefungwa. Hapo kwenye kijani ndipo yeye na kompyuta walipokosana.

Kazini wanamwita Mama Simu. Ana miaka hamsini na tisa, na ishirini na mitatu kati ya hiyo ameimalizia kwenye chumba hiki cha mapokezi cha kituo cha kuokoa wanyama. Kina dirisha moja, feni isiyozunguka, na harufu ya dawa na paka ambayo wageni wanaisikia na yeye haisikii tena. Baada ya wiki tatu atastaafu.

"Nilipoanza tulikuwa na gari moja la wagonjwa, tena la kusukuma," anasema akicheka. Kila tukio aliliandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu, safu akizipigia mistari mwenyewe kwa rula: saa, mnyama, mahali, nani kapiga, hali. Mwishoni kabisa kulikuwa na safu nyembamba isiyo na kichwa. Humo aliandika herufi moja tu, A, siku aliyompigia mtu aliyetoa taarifa na kumwambia mnyama wake kaishia wapi. Bila A kesi haijafungwa, hata kama mbwa ameshapona na amerudi kwao kufukuza kuku.

Madaftari kumi na tisa bado yamo kabatini. Anafungua moja kutafuta ukurasa fulani, anasahau alichokuwa akitafuta, anaanza kusoma. "Kwa fundi saa mwenye redio." "Geti la bluu, usiguse kengele, ina shoti." Fundi saa alishafariki, na geti siku hizi ni la kijivu.

"Hawa wote walikuwa watu wangu," anasema. "Nikisoma nazisikia sauti zao. Natamani hata zile kelele."

Dereva wa gari namba mbili, ambaye wenzake humwita Kiraka, yupo naye tangu lile gari la kusukuma. Anakumbuka alivyokuwa akirudi safari, anaegemea mlango wa mapokezi na kusimulia yote kwa mikono na miguu, chumvi nyingi. Mama Simu alipunguza chumvi, akaandika, kisha akainua simu kumpigia mwenye mnyama.

"Siku hizi nabonyeza kitufe, basi," anasema Kiraka. "Dada yangu huyu naweza kumaliza wiki sijaiona sura yake, na tuko uani pamoja."

Programu hiyo ya kuongoza magari ililetwa mwaka jana, na kwa mengi Mama Simu hana neno nayo. Magari sasa ni matatu na simu zinafika arobaini kwa siku, daftari lingemshinda. Amecheka nayo pia. Mama mmoja alipopiga kuhusu popo aliyenasa kwenye pazia, orodha ya wanyama haikuwa na popo. Kiraka akashikilia aandikwe ndege kwa kuwa anaruka, daktari wa wanyama akatoka kliniki kuja kupinga, na popo akajinasua akaenda zake wakiwa bado wanabishana.

Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Dereva akimfikisha mgonjwa kliniki, alichagua "amefikishwa", mstari ukawa kijani, ukatoweka na namba ya aliyepiga ikaenda nao. Mama Simu alizoea kumwona Kiraka mlangoni ndipo akumbuke kupiga. Kiraka hakuja tena mlangoni, naye akawasahau baadhi ya waliopiga. Katika mwezi wa kwanza watu thelathini na mmoja hawakuambiwa lolote.

Alilijua hilo siku alipoingia mzee mmoja na mzigo wa majani mabichi begani. Aliuliza punda wake amelazwa chumba gani. Punda huyo aligongwa na lori siku kumi na moja nyuma, na alikufa siku ya pili.

Mama Simu alimkalisha, akamwambia yeye mwenyewe. Mzee aliutua mzigo wa majani sakafuni. Kisha akaeleza kwamba kila jioni alikata majani akayaweka zizini, punda asije akarudi na njaa.

"Akaniambia, 'Mwanangu, ungeniambia siku ile, ningelia siku ile.' Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza." Anavua miwani na kuyafuta macho. Bado inamuuma, na haoni aibu kusema hivyo.

Kesho yake alimwomba meneja ile safu ya A iongezwe kwenye programu. Waliotengeneza wakajibu kuwa inatumiwa na vituo vingi, haiwezekani. Meneja akamwambia kwa upole kwamba kumpigia mtu ni uungwana tu, si sharti la kazi. Hapo ndipo hofu ilipomwingia: akistaafu, jambo hilo litaondoka naye. Anayemrithi ni mwanamke aliyekuwa akisafisha mabanda, hodari na mwepesi wa kompyuta, lakini simu arobaini ni zilezile.

Daktari ndiye aliyeona upenyo. Maneno ya kufungia kesi kila kituo hujiandikia chenyewe. Wakakaa wawili alasiri moja, wakafuta "amefikishwa", wakaandika: "Amepona, aliyepiga ameambiwa." "Amekufa, aliyepiga ameambiwa." Kila neno kwenye orodha likapewa mkia huo, na dereva hana tena la kuchagua: mstari unabaki njano mpaka mapokezi wampigie aliyetoa taarifa.

"Anayetaka kudanganya sasa, adanganye kwa maandishi," anasema daktari.

Meneja alilalamika kwamba kioo kimejaa njano, ripoti inaonekana kama watu hawafanyi kazi. Mama Simu akamjibu kuwa ile njano ni watu wanaosubiri. Meneja hakuigusa orodha.

Wale thelathini na mmoja anawatafuta kupitia kumbukumbu za simu, na amewapata ishirini na saba. Mmoja alikuja siku hiyohiyo aliyopigiwa kumchukua paka ambaye kituo kilidhani hana mwenyewe. Wanne waliobaki anataka wapatikane kabla hajakabidhi kiti.

Na baada ya hapo? Atapumzika, anasema, atatembea kwa miguu mitaa aliyoijua kwa masikio tu.

"Siku nikikuta mnyama kaumia nitapiga simu hapa, kama mtu yeyote. Sitajitaja mimi ni nani," anasema. "Halafu nitarudi nyumbani, nikae karibu na simu."