Kisanduku cha "Ameacha"

"Daktari, nikimwambia mume wangu, atanigusa tena?"

Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, mshauri nasaha katika kituo kimoja cha afya Katumba. Sikuwa daktari. Nilikuwa na shahada ya sosholojia tu. Muulizaji, ambaye hapa nitamwita Spesioza, alikuwa mkulima wa tumbaku, na dakika chache kabla alikuwa amepokea majibu kwamba ana VVU. Nilimshauri amlete mumewe apime. Akasema mume analima mbali, Sibwesa, hurudi mara chache.

Kila alipokuja kuchukua dawa nilijaza fomu ya tabia: wenza wangapi, kondomu, na kisanduku cha "ameacha", yaani wasiojamiiana tena.

"Baba watoto karudi?"

"Alikaa wiki mbili. Nililala na watoto, nikasema mgongo unauma."

"Yeye akasemaje?"

"Hakulalamika. Labda ana mwingine huko."

Nikaweka tiki kwenye "ameacha". Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, alizipitia fomu akaridhika.

"Watu wako wanaacha. Unashauri vizuri."

"Au wanatuambia tunachotaka kusikia, mzee."

"Nyie wasomi, hata jema mnalitilia shaka. Jaza fomu."

Shaka yangu ilikosea mlango. Nilijiuliza kama wanadanganya. Sikujiuliza wasiodanganya wanaishije. Baada ya mwaka, kipimo cha wingi wa virusi kilionyesha virusi vya Spesioza vimefubaa kiasi cha kutoonekana. Nilimweleza kwamba akiendelea na dawa hawezi kumwambukiza mumewe kwa kujamiiana.

"Dada, ungekuwa wewe ungethubutu?"

Alikuwa na miaka thelathini na moja. Tiki ikabaki palepale.

Baadaye nilihamishiwa Sibwesa, na huko ndiko nilikoachia kazi. Ninyi mnaoanza kazi hii ya ushauri, fomu hiyo bado mtaikuta. Ulizeni pia mtu ameacha kwa sababu gani, na nani mwingine analipa gharama yake.

Mwezi wangu wa mwisho, mgonjwa mmoja wa siku nyingi, naye wa VVU, aliniambia haendi kwake Katumba ila kwa lazima, na akienda hulala mbali na mkewe asije akamwambukiza. Nilimsihi amlete. Wiki iliyofuata alikuja naye kwa pikipiki, na aliyeshuka nyuma yake alikuwa Spesioza. Nikafungua kadi ya mwanaume. Alianza dawa mwaka mmoja kabla mkewe hajapima.