Binti wa Mzee Luan Apanda Ndege

Asubuhi hiyo Luan Guizhi yuko kiwandani Guangzhou, anashona mifuko ya suruali, simu ikalia. Baba yake, kutoka Harbin.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Nifike wapi, Baba? Si mpaka wiki ijayo?"

"Wiki ijayo ya nani? Leo ndiyo natimiza sitini na sita!"

Mkasi ukamdondoka. Kumbe alifuata kalenda ya jua, na mzee siku yake huhesabiwa kwa mwandamo wa mwezi! Na kwao hilo si kosa la kuomba radhi yakaisha. Mzazi akifika umri huo, binti humpikia jiaozi sitini na sita, vifuko vya unga vilivyojazwa nyama na kuchemshwa, kwa mikono yake, siku ileile. Mzazi asipozila, mwaka humla yeye. Usicheke. Nimeona wasomi wenye miwani wakizimeza huku jasho linawatoka.

Guizhi akaangua kilio. Miaka tisa, kila akitaka kwenda kwao, aliikumbuka treni: siku mbili kwenye kiti kigumu, miguu imevimba kama mihogo. Kilomita elfu tatu, na ushei!

"Panda ndege, dada," akasema Mo Caixia, wa cherehani ya pili.

"Ndege nayo si inalala njiani?"

"Inalala kama wewe kazini! Masaa manne na nusu, uko Harbin."

"Muongo mkubwa."

"Nikikudanganya nijishone vidole!"

Basi akapanda, na mizigo yake ya treni: kigoda cha kukunja, ndara, tambi za kikombe, mfuko wa mbegu za alizeti. Akavua viatu, akavaa ndara, akatandika kitambaa mapajani, akaanza kubangua. Mfuko haujafika nusu, sauti ikawataka wafunge mikanda. Akamkamata jirani mkono.

"Imeharibika?"

"Tumefika, mama."

Guizhi akabaki kinywa wazi, ganda la mbegu limemganda mdomoni. Zamu yake ya kushona ilikuwa ndefu kuliko safari hii!

Mzee Luan alipofungua mlango, nusura aufunge tena.

"Asubuhi ulikuwa Guangzhou! Ulijificha kwa jirani, wewe?"

"Nimekuja na ndege, Baba. Unga uko wapi?"

Akakanda, akakatakata nyama na kabichi chachu, akafinyanga jiaozi ndogo kama kucha, maana tumbo la mzee si ghala. Akamwekea bakuli. Mzee hakugusa vijiti.

"Masaa mangapi?"

"Manne na nusu."

"Nilipovunjika nyonga ulisema ni mbali."

"Nilidhani ni mbali, Baba. Naapa."

"Na mimi nikawatangazia watu: binti yangu yuko mbali, msimlaumu." Akaligeukia dirisha lililojaa barafu. Mvuke wa bakuli ukaanza kupungua.

"Nikasirikie kesho," Guizhi akasema, machozi yakimtiririka. "Leo kula. Siku inaisha, Baba, nakuomba."

Mzee akachukua vijiti. Kisha akavuta bakuli, akala moja, akala ya pili, akaendelea hadi akafungua kifungo cha suruali. Hakubakisha hata moja. Guizhi akashusha pumzi.

"Unarudi lini?" mzee akauliza, mdomo umejaa.

"Kesho. Kiwandani hawanisubiri."

"Nenda. Jumapili njoo tule."

"Jumapili hii?"

"Kwani ni mbali?"