Mideva na Sabuni Inayouma

Mideva hufua nguo za watu wa mtaa wa Umoja, na kabla ya hapo alifua za watu wa Buruburu, hivyo anaweza kukueleza tabia ya mtu kwa kutazama kola ya shati lake tu. Alama za vidole vyake zilifutika mwaka juzi. Hizo hakuzililia. Kilichomkera ni mipasuko: akisonga ugali ilimbidi afunge vidole kwa kitambaa. Daktari wa zahanati alimwambia, kwa sauti ya mtu anayetangaza hali ya hewa, kwamba akiendelea na sabuni ile ataacha kazi ya kufua, apende asipende.

Sabuni ile aliipika Naftaly wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Kila Jumatatu aliileta, ya maji, ndani ya mtungi, kwa mkokoteni hadi kwenye ukuta wanapokaa wanawake wa kufua wakingoja kuitwa. Desturi ya ukutani ni kuijaribu kwanza: unachovya vidole viwili, unavisugua. Ikiteleza sana, ni kali. Ikiwa kali, ni nzuri. Naftaly, mtu wa kusikiliza wateja, alizidisha kostiki, yale magadi makali, mpaka wote wakaridhika.

Jumatatu hiyo Mideva alikuja na karatasi za kupimia ukali wa sabuni, alizonunua soko la Gikomba kwa wauza kemikali. Alichovya moja mtungini. Ikageuka zambarau iliyokolea.

"Kumi na tatu," alisema. "Maji matupu ni saba. Chini ya saba ni asidi, kama limau. Juu ni besi. Sabuni ya kipande ni kumi."

"Sasa, mathe, kumi na kumi na tatu si majirani?" Naftaly alicheka.

"Kila hatua ni mara kumi. Hatua tatu ni mara elfu. Huyo ni jirani wa aina gani?"

Triza, mfuaji aliyeketi kando ya Mideva, alipiga makofi. "Mideva, unataka mikono ya mke wa mbunge? Sabuni isiyouma itatoa uchafu gani? Na hii inateleza, wacha tu!"

"Huo utelezi ni mafuta ya ngozi yako, Triza. Yanageuka sabuni. Unajifua mwenyewe, na hakuna anayekulipa."

Kicheko cha wanawake ukutani kilipungua kidogo.

Naftaly hakuwa mtu wa kushindwa na hoja. Alichukua limau, akalikamua mtungini, akakoroga kwa kijiti. "Hiyo hapo asidi. Zimeuana. Pima."

Mideva alipima. Zambarau ile ile. Limau lilikuwa limetumwa vitani peke yake; lilihitaji wenzake gunia zima.

"Basi tumbukiza mkono," alisema. "Ukae humo mpaka mmoja wetu aitwe kazini. Ukitoka mzima, nitakuuzia sabuni hii mtaa mzima."

Naftaly alikunja shati mpaka kwenye kiwiko. Akautazama mtungi. Akautazama mkono. Akalikunjua shati.

"Mimi si wa kufua, mathe."

"Hata sisi hatukuzaliwa tukifua."

Mideva aliufunga mtungi, akaunyanyua na kuurudisha kwenye mkokoteni. Kutoka ghorofani mtu aliita: kulikuwa na mablanketi.

"Utayafulia nini sasa?" Triza aliuliza.

"Kipande. Wasipokitaka, wayafue wenyewe."

Akavuka barabara bila kugeuka. Triza alivitazama vidole vyake viwili, bado vikiteleza, akavipangusa kwenye leso kwa nguvu.

"Naftaly," alisema, "peleka hiyo kitu kwenu. Ukirudi, uje na karatasi kama zile za Mideva."